Kuunganisha mashine za kiwandani na mifumo ya ofisi: namba zipande zenyewe, amri zisishuke ovyo

#1 Fundi Vipimo (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni wa mafundi wa umeme na vipimo, watu wa kompyuta, watu wa stoo, na nyie mameneja wa uzalishaji mnaopigiwa simu na bosi alfajiri kuulizwa usiku zimetoka katoni ngapi. Ni mrefu, mnivumilie.

Viwanda vingi vya kwetu, hasa vya maji, soda, unga na sabuni, vina pande mbili zisizoongea. Kwenye laini kuna PLC, ile kompyuta ndogo ndani ya paneli inayoendesha mashine. Inajua chupa ngapi zimepita, mashine ya kujazia imesimama mara ngapi, na ni sensa ipi iliyoisimamisha. Ofisini kuna mfumo wa hesabu na stoo, unaojua mauzo, manunuzi na madeni. Katikati kuna karatasi ya zamu. Opereta anasoma namba kwenye kioo anaiandika kwa kalamu, karani anaiingiza kwenye Excel, mhasibu anaiandika upya kwenye mfumo. Namba moja inapita mikono mitatu, na bosi anaipata wakati zamu iliyoizalisha imeshalala.

Siwalaumu waliotengeneza mashine. PLC ya kwanza, Modicon 084 ya kina Dick Morley, ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 General Motors walipochoka kubomoa na kufunga upya paneli za relay, zile swichi zinazoendeshwa na umeme, kila gari jipya linapoingia kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine, hakuna aliyeifikiria ikiongea na mhasibu. Lugha ya Modbus, ambayo hadi leo mnaikuta kwenye inventa za kurekebisha kasi ya mota, mita za umeme na PLC karibu za kila kampuni, ilitolewa na Modicon hao hao mwaka 1979. Inasoma na kuandika rejista, yaani visanduku vya namba ndani ya mashine, basi. Haina nenosiri.

Kinachoniumiza ni kwamba serikali imetutangulia. Tanzania stempu za kodi za kielektroniki zilianza Januari 2019 kwa sigara, mvinyo, pombe kali na bia, na soda zikafuata Agosti mwaka huo huo. Kenya mfumo wao wa bidhaa za ushuru ulianza 2013, ukafika kwenye maji ya chupa, juisi na soda Novemba 2019. Uganda nao wakaanza mwezi huo huo. Bidhaa zinahesabiwa zikiwa bado kwenye mkanda na hesabu inakwenda mamlaka ya kodi. Yaani mtu wa kodi anaweza kujua zamu ya usiku imetoa nini kabla ya meneja wa kiwanda chenyewe, ambaye bado anasubiri karatasi. Ufundi upo na umeshafungwa kwenye laini zetu, ila sisi wenyewe hatuutumii kwa faida yetu.

Sasa njia inavyokwenda kwa lugha ya fundi. Sensa ya macho inaona chupa, inatuma pigo kwenye PLC, PLC inaongeza moja kwenye rejista. Unaweka kompyuta ndogo ya kiwandani pembeni ya paneli, wengi tunaiita getiwei. Kila sekunde chache inasoma rejista hizo kwa Modbus, au kwa OPC UA, lugha mpya zaidi, kama mashine ni ya kisasa. Kisha inatuma juu kwa MQTT, njia nyepesi ya kutuma ujumbe mfupi mfupi. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mtandao ni ghali na unakatika. Ndiyo maana inatufaa sana huku. Getiwei inahifadhi namba ndani yake, laini ya intaneti ikikatika inaendelea kuandika, ikirudi inamwaga zote zikiwa na saa zake halisi. Juu kuna hifadhidata, na programu inayojumlisha kwa zamu na kuandika kwenye mfumo wa stoo bila mtu kugusa kibodi.

Faida ya kwanza wala si kujua jumla. Ni kuona vile visimamo vidogo. Tuchukue mfano: zamu ya dakika 480, karatasi inasema mashine ilisimama mara moja, dakika 40, mkanda ulikatika. Ukisoma PLC unakuta dakika nyingine 50 zimepotea kwa vipande vya dakika moja moja na mbili mbili: chupa imelala, kifuniko kimekwama, lebo imeisha. Opereta hawezi kuandika kila kimoja, ana mashine ya kuangalia. Laini ya chupa 10,000 kwa saa, dakika 50 hizo ni zaidi ya chupa 8,000. Na ukipanga sababu kwa wingi wake, mara nyingi kimoja au viwili ndivyo vinavyokula muda mwingi. Hapo fundi anajua aanze na kifuniko au lebo, wala hakuna haja ya kikao cha kulaumiana.

Lakini kuna mitego kwenye namba, na hapa ndipo miradi mingi inapokufa, kwa sababu namba ikidanganya mara mbili tu wakubwa wanarudi kwenye karatasi na hawatoki tena.

Rejista ya biti 16 inafika 65,535 kisha inarudi sifuri. Kwa laini yetu ya 10,000 kwa saa, inazunguka kila baada ya masaa sita na nusu hivi, yaani katikati ya zamu. Programu ikitoa namba ya mwisho toa ya mwanzo bila kulijua hilo, unapata uzalishaji hasi, na mhasibu anakucheka. Umeme ukikatika, kama rejista haikuwekwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, nayo inaanza sifuri. Saa za PLC zinapotea dakika kadhaa kadri miezi inavyopita, kwa hiyo lazima zisawazishwe kutoka sehemu moja, la sivyo kisimamo cha saa tano na dakika hamsini na tano usiku kinaangukia zamu ya wengine. Na zamu ya usiku inavuka tarehe. Mfumo wa ofisi unaofunga siku saa sita usiku utaigawa vipande viwili, usipoiambia siku ya uzalishaji inaanza saa ngapi.

Sasa jambo lenyewe hasa lililonifanya nilete uzi. Wakubwa wakishaona namba zinapanda, siku ya pili wanataka amri zishuke: mfumo wa ofisi upange laini itengeneze nini, uiwashe, uizime. Mimi nasema hapana, au angalau si kwa pupa.

Angalieni Toyota. Tarehe 1 Machi 2022 walisimamisha viwanda vyao vyote 14 vya Japani, laini 28, kwa sababu kampuni moja inayowauzia vipuri ilivamiwa kimtandao. Tarehe 29 Agosti 2023 viwanda 14 hivyo hivyo vikasimama tena, na safari hii hakuna mvamizi yeyote. Seva zinazoshughulikia oda za vipuri zilikuwa zimefanyiwa matengenezo ya kawaida siku mbili kabla, data ikawa inafutwa na kupangwa upya, nafasi kwenye diski ikaisha, mfumo ukakwama. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo huo huo, nazo zikakwama kwa sababu ile ile. Roboti zilikuwa nzima na wafanyakazi walikuwepo. Diski imejaa, magari hayatoki.

Kampuni yenye uwezo ule imesimama kwa sababu ya seva ya oda. Sisi tukiunganisha laini na seva iliyoko chumba kisicho na AC, yenye UPS (betri ya akiba) ya dakika kumi, itakuwaje?

Kwa hiyo msimamo wangu: namba zipande bila mkono wa mtu, ndiyo. Ila laini ijengwe iweze kuendelea kufanya kazi hata kama ofisi nzima imezimika. Na hili lijaribiwe kweli: chomoeni waya wa ofisi mchana kweupe, laini ikiwa inatembea, muone kinachotokea.

Nawasilisha. Karibuni wajuzi.

#2 Dada wa Stoo

Mkuu umeandika vizuri lakini hujafika kwenye maumivu yetu. Mfumo ukisema laini imetoa katoni 1,240 na mimi nimepokea 1,215, anayeitwa ofisini ni mimi. Kwenye karatasi tulikuwa tunakaa na msimamizi wa zamu tunakubaliana. Mashine haikubaliani na mtu. Namba ipi ndiyo ya kweli?

#3 Fundi Vipimo

Dada yangu, hoja yako ni nzito na nashukuru umeileta mapema.

Zote mbili zinaweza kuwa za kweli, kwa sababu zinahesabu sehemu tofauti. Sensa ikiwa kwenye mashine ya kujazia inahesabu chupa zilizojazwa. Baada ya hapo kuna zilizokataliwa kwa ujazo pungufu, zilizoharibika lebo, zilizochukuliwa na maabara, zilizopasuka kwenye kufungashia, na zilizobaki kwenye mkanda zamu ilipoisha. Ukiweka kaunta moja tu, tofauti yote hiyo inamwangukia wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye ni wewe. Haki ni kuhesabu sehemu kama nne: baada ya kujaza, kwenye kitoa mbovu, baada ya kufunga katoni, na mlango wa stoo. Hapo tofauti inaonekana imezaliwa wapi. Mara nyingi inakuwa kwenye kitoa mbovu, kwa sababu ndicho ambacho hakina anayeandika.

Na kaunta isitumike kumhukumu mtu kabla haijalinganishwa na hesabu ya mkono kwa wiki kadhaa. Liandikwe hilo kabla mradi haujaanza, uongozi usaini.

#4 Mlinzi wa Mtandao

Mleta uzi amesema Modbus haina nenosiri halafu akapita. Ngoja nikae hapo.

Yeyote aliye kwenye mtandao mmoja na PLC ya aina hiyo, akiwa na programu ya bure kwenye laptopu, anaweza kubadilisha joto la boila. Hahitaji kuwa mtaalamu. Sasa nenda viwandani uone: PLC, kamera za CCTV, Wi-Fi ya wageni na kompyuta ya mhasibu, vyote kwenye swichi moja ya mtandao. Mtu anafungua kiambatanisho cha barua pepe ofisini, kilichomo kinatembea mpaka kwenye boila.

Cha kwanza kabla ya getiwei wala skrini za kupendeza ni kutenganisha mitandao. Mashine upande wake, ofisi upande wake, katikati fayawoli, yaani kichujio cha mawasiliano, na eneo la kati ambapo seva ya kukusanya namba inakaa. Getiwei ndiyo ifungue mawasiliano kwenda nje. Kusiwe na mlango wowote unaofunguka kutoka nje kuingia kwenye laini. Na kama unataka kusoma tu, getiwei iwekewe ruhusa ya kusoma tu, na fayawoli izuie amri za kuandika.

Pili, kompyuta za SCADA, zile zenye skrini za kusimamia mashine. Bado nakutana na Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Huwezi kuibadilisha kwa sababu programu ya mashine haikubali mpya. Sawa, basi iwekwe peke yake, flashi zisiguse. Virusi vya Stuxnet vilivyojulikana 2010 vilisambaa pia kwa flashi, na vililenga PLC za Siemens kwenye mitambo ya Natanz kule Iran. TSMC wa Taiwan, watengenezaji wa chipu za kompyuta, Agosti 2018 walisimamisha sehemu ya viwanda vyao kwa sababu mashine mpya ilichomekwa kwenye mtandao kabla haijapimwa virusi. Mashine mpya, wakuu! Sisi tunapokea za mitumba na tunachomeka siku hiyo hiyo.

Na kesi ya Colonial Pipeline ya Marekani, Mei 2021, kila meneja angeijua. Wavamizi waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN (njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni ukiwa mbali) isiyokuwa na uthibitisho wa pili, wakashika kompyuta za ofisi. Kampuni ikalifunga yenyewe bomba linalobeba karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki. Bomba halikuvamiwa. Ofisi ndiyo iliyoumwa, na uzalishaji ukasimama siku kadhaa.

#5 Mzee wa Relay

Haya yote ni ya wenye PLC. Mashine zangu ni za kontakta na relay, swichi za umeme tupu bila kompyuta, zimenikuta hapa na zitaniacha. Tufanyeje sisi?

#6 Fundi Vipimo

Mzee wangu, usiiguse paneli yako kabisa. Bana sensa ya ampia kwenye waya mmoja wa mota kuu, hujakata chochote. Ampia zikipanda mashine inafanya kazi, zikishuka ipo bure, zikifika sifuri imesimama. Ongeza sensa moja ya macho kwenye mkanda wa kutokea. Kwa vitu viwili hivyo umeshapata muda wa kusimama na idadi. Sababu ya kusimama opereta ataichagua kwa vitufe vitano sita: umeme, malighafi, fundi, usafi, kubadili bidhaa. Vikizidi hapo hatabonyeza.

#7 Athi River

Salamu kutoka Kenya. Ndugu Fundi, nakubaliana na mengi lakini hapo kwa amri kutoshuka umekaza sana.

Mimi niko upande wa ubora. Shida yetu kubwa ilikuwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Opereta anaandika kwa mkono kwenye printa ya laini, akikosea mwezi tunarudisha mzigo mzima kutoka sokoni. Siku hizi oda ikifunguliwa kwa mfumo, tarehe na namba ya bechi zinashuka zenyewe hadi kwa printa. Makosa hayo yameisha. Kwa hivyo ukisema amri zisishuke, unatunyima faida ambayo kwa kiwanda cha chakula ni kubwa kuliko hata hesabu ya katoni.

#8 Fundi Vipimo

Nimekuelewa ndugu, na mfano wako ni mzuri kuliko yote niliyoleta mimi. Tarehe inastahili kushuka.

Acha niuweke msimamo wangu sawasawa. Kuna kinachoshuka kama taarifa na kinachoshuka kama kuendesha. Tarehe, namba ya bechi, jina la bidhaa na idadi ya oda, hizo ni taarifa. Zishuke, zikae kwenye skrini, opereta azione na abonyeze kukubali, na PLC ikague kuwa tarehe haijapita wala haipo miaka kumi mbele. Mfumo ukikatika, oda zilizokwisha kushuka zinabaki pale na opereta anaweza kuingiza kwa mkono, msimamizi akiwa shahidi. Joto, presha, kasi, kuwasha na kuzima zibaki kwenye laini kwa mtu anayeiona mashine na anayejua kama kuna fundi amelala chini yake anafunga bolti. Hapo silegezi hata kidogo.

Swali langu kwako: mtandao ukikatika leo, printa yenu inachapa?

#9 Athi River

Inachapa ya oda iliyoko. Oda mpya tunaingiza kwa mkono, watu wawili wanasaini. Tulipanga hivyo tangu mwanzo, auditor alikataa bila hiyo.

#10 Karani wa Zamu

Mimi ndiye huyo anayeandika karatasi mnayotaka kuiua. Nina familia. Uzi mzima huu sijaona mtu aliyejiuliza sisi tunaenda wapi.

#11 Fundi Vipimo

Ndugu yangu, ni kweli na umesema haki yako. Sitakudanganya kwamba kazi ya kunakili itabaki. Haitabaki.

Ila kwenye kila mradi wa namna hii kuna pengo ambalo watu wa kompyuta hawalizibi: mtu anayejua kwamba ile "fundi" ya saa nane usiku kwa kweli ilikuwa kukosa vifuniko, na kwamba laini ya pili huwa inahesabu chupa mara mbili maji yakimwagikia sensa. Wewe unayajua hayo kwa sababu umeyaandika kwa miaka. Kukagua namba kila asubuhi na kuzifuatilia zinazotia shaka ni kazi kamili, na ni nzito kuliko kunakili. Uongozi unaokuondoa wewe kwanza halafu unafunga mfumo utakuwa na skrini nzuri zenye namba zisizoaminika. Nawaambia mameneja mnaosoma hapa: huyu mtu aingie kwenye timu ya mradi siku ya kwanza, afundishwe, na mshahara wake uongezwe.

Tena karatasi yenyewe haifi yote. Norsk Hydro wa Norway, watengenezaji wa alumini, walipovamiwa kimtandao 19 Machi 2019, walikataa kulipa fidia, na sehemu ya viwanda vyao viliendelea kwa mkono na kwa karatasi huku mifumo ikijengwa upya. Waliweza kwa sababu walikuwepo watu wanaojua kuendesha bila skrini. Fomu za karatasi zichapwe, ziwekwe kabatini, na kila baada ya muda zamu moja iziendeshe kama mazoezi.

#12 Bosi Mdogo

Nina kiwanda kidogo cha maji, laini moja. Niliyempigia simu kanipa bei ya mfumo kamili, nimekata simu. Nianzie wapi? Na mashine yangu PLC imefungwa kwa nenosiri la aliyeniuzia, hataki kulitoa.

#13 Fundi Vipimo

Mkuu, programu zisikuumize kichwa. Node-RED, iliyoanzia IBM mwaka 2013, ni ya bure na inasoma Modbus na kutuma MQTT. Mosquitto ya kupokea ujumbe ni bure, PostgreSQL ya kuhifadhi ni bure, Grafana ya kuchora unaweza kuitumia bure. Fedha yako iende kwenye getiwei imara ya kiwandani, UPS, swichi nzuri, na kijana mmoja wa vyuo vya ufundi kama DIT, ATC au VETA ambaye atabaki na wewe. Fundi wa kuja na kuondoka atakuachia kitu usichokielewa.

Anza na swali moja tu: laini inasimama lini na kwa nini. Usianze na stoo wala hesabu. Ukishaamini namba za kusimama, ndipo uunganishe na stoo.

Kuhusu nenosiri, usihangaike kulivunja, unaweza kuua programu iliyomo na hautakuwa na nakala. Angalia ile taa ya mnara juu ya mashine yako, kijani, njano, nyekundu. Chukua ishara kwenye taa hizo kupitia relay ndogo ya kutenganisha, utajua inatembea, inasubiri au imekwama, bila kuigusa PLC. Weka sensa yako mwenyewe ya kuhesabu kwenye mkanda wa kutokea.

Na mashine ijayo, kabla hujasaini mkataba, andikeni mambo matatu: programu ya PLC ikabidhiwe pamoja na nenosiri lake, orodha ya rejista na maana ya kila moja ikabidhiwe kwa maandishi, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka fundi wako afungue programu hiyo mbele ya muuzaji, kwenye laptopu yako.